Nauli haina mfadhili

Mwaka 2014 nilikuwa mwalimu wa darasa la nne. Mwisho wa mwezi mmoja nimekaa kujumlisha mahudhurio, kazi ambayo walimu wote huifanya huku wakipiga miayo, nikaona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu muda wote. Watoto saba walikuwa hawaonekani Jumanne. Utoro wa siku ya mnada naujua, kwetu ni Alhamisi na unazoa hata watoto ishirini. Jumatatu nayo ina watoro wake. Lakini Jumanne, na wale wale saba?

Nikamwita mmoja, binti mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu.

"Jumanne huwa unakwenda wapi?"

Akaangalia vidole vya miguu yake. "Nampelekaga bibi kupima presha."

Nilidhani ananidanganya. Jumanne iliyofuata nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaenda kusimama kwenye njia ya zahanati alfajiri. Wakaja. Mtoto mbele kashika ncha ya fimbo, bibi nyuma kashika mpini, daftari la kliniki limefungwa ndani ya mfuko wa rambo usilowe. Kilomita sita kwenda, sita kurudi, na katikati kuna mto usio na daraja. Nikamwamkia bibi, "Shikamoo mayu," akaitikia marahaba bila kujua anaongea na nani, maana macho yalikuwa yameshafunga ukungu. Mjukuu wake akamnong'oneza, "Ni mwalimu." Bibi akasimama palepale, akaanza kuniomba msamaha. Eti amenilia mtoto wangu wa Jumanne.

Kijiji chetu kiko kando ya Ghuba ya Speke, mkoa wa Mwanza. Wilaya sitaitaja, kwa sababu humu kuna watu nitakaowalaumu kidogo na bado tunasalimiana. Upande mmoja ni ziwa na mwalo wa dagaa, pale mitumbwi inaposhushia samaki, upande wa pili mashamba ya mpunga na pamba, na katikati yale mawe makubwa ya kwetu ambayo wageni hupenda kuyapiga picha na wazee huyachukia, kwa sababu kila njia inayazunguka. Vijana wengi wako visiwani wanavua, au wako Mwanza mjini wanabangaiza. Wanaobaki ni babu, bibi na wajukuu. Kuna nyumba ambazo kizazi cha katikati kilikwenda na UKIMWI, na bibi akaanza kulea upya akiwa na miaka sitini na kitu.

Mwaka uliofuata nikastaafu kwa hiari. Tukakusanyika watu watano ili kuwasaidia wazee kama yule bibi: mimi, mwenyekiti wa baraza la wazee la kijiji, ambaye enzi zake alikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba na mpaka leo anaandika tarakimu kwa mwandiko wa kulala, nesi mstaafu, mama mmoja mchuuzi wa dagaa, na kijana wa bodaboda niliyemfundisha kusoma. Mimi nikapewa uhazini. Walimu huwa tunapewa uhazini, watu wanadhani ukishajua kujumlisha sehemu basi pesa hazikupotei.

Tulianza kwa kukosea. Tulikaa chini ya mwembe, tukaulizana wazee wanahitaji nini, tukajijibu wenyewe: jengo. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, mzaliwa wa kijiji, akatoa bati na saruji. Sisi tukatoa mawe, mchanga na nguvu. Ikasimama nyumba nzuri ya vyumba viwili na baraza, tukaipaka rangi ya bluu, tukaandika mlangoni NYUMBA YA WAZEE. Siku ya ufunguzi kulikuwa na ngoma, diwani alihutubia, pilau ililiwa. Mwezi mmoja baadaye waliokuwa wanakuja pale ni wazee watatu, na wote watatu nyumba zao zinaonekana kutoka barazani. Wale ambao tuliwajengea, wale wa fimbo na mjukuu, walikuwa bado wako kilomita nne, tano, sita. Tuliwaongezea mahali pengine pa kushindwa kufika.

Viti mwendo navyo. Tulipewa vinne. Vizuri sana, vya chuma, vyenye magurudumu membamba ya mjini. Ukikiweka kwenye mchanga wa kwetu kinazama kama mtumbwi uliotoboka. Kimoja kipo mpaka leo, kinabebea madumu ya maji kwa jirani yangu, na anakitunza kuliko tulivyokitunza sisi.

Tukarudi kwenye kazi ambayo tungeianza nayo, kuhesabu watu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na matibabu ya bure kwa wazee wasiojiweza yanafuata umri huo huo. Sawa. Miaka 60 kwa cheti gani? Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na tarehe zilizoandikwa kwenye kadi zao zimekisiwa na makarani. Ukizikusanya utadhani nusu ya kijiji walizaliwa tarehe 1 Julai. Hapo ndipo karani wetu alipoonyesha ubingwa. Alikuwa na swali moja tu: "Uhuru ulikukuta unafanya nini?"

Aliyekuwa anachunga ndama Desemba 1961 alikuwa na kama miaka sita, basi ametimia. Aliyekuwa amekabidhiwa ng'ombe wakubwa ametimia na kupita. Aliyesema alikuwa bado anabebwa mgongoni, karani alimpiga begani akamwambia asubiri, uzee upo njiani unakuja. Waliobishana aliwapeleka kwenye Azimio la Arusha, 1967, au Operesheni Vijiji, 1974: ulihamishwa ukiwa umeoa au hujaoa? Mzee mmoja alijibu swali la Uhuru kwa habari ya mvua. Alisema ile mvua ya Uhuru ilipokuja ziwa lilipanda, wakahamisha zizi la baba yake mara mbili, na yeye ndiye aliyekuwa anashika taa usiku. Karani akaandika miaka bila kuuliza tena. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda tena likameza vibanda vya mwaloni, redioni walikuwa wanalinganisha na miaka ya sitini. Yule mzee alikuwa ameshawaambia wavuvi mapema watoe nyavu zao chini ya ile miti.

Orodha ilipokamilika tukawa na wazee 93. Kati yao 28 walikuwa na presha au sukari na walitakiwa kliniki kila mwezi. Kijana wetu wa bodaboda akakubali shilingi 4,000 kwenda, kusubiri na kurudi. Mara 28. Shilingi 112,000 kwa mwezi. Nakumbuka tulivyoitazama ile tarakimu ya mwandiko wa kulala. Jengo lilikuwa limekula mamilioni, na huduma yenyewe bei yake ilikuwa hii hapa.

Tukaandika andiko, tukalipeleka kwa shirika moja lililokuwa linasaidia wazee kanda hii. Jibu lilikuja kwa adabu: gharama za uendeshaji hazifadhiliwi. Nauli ni uendeshaji. Wakatuletea mablanketi sitini. Siyabezi, mwezi wa sita upepo wa ziwa usiku unaingia mpaka kwenye mifupa. Lakini nimekaa kwenye kazi hii miaka kumi sasa na sijaona mfadhili wa nauli. Mtu anapenda kutoa kitu kitakachobaki kimesimama, apigwe nacho picha. Nauli ikishatumika haionekani, mzee yuko kwake amekaa, dawa anazo, hakuna cha kupiga picha.

Wazo la mwaloni lilitoka kwa mama mchuuzi. Alisema, "Mwalimu, nyie mnawaomba watu wenye ofisi. Ombeni watu wenye mitumbwi." Tukaenda kwa kamati ya mwalo. Matajiri, ndivyo tunavyowaita wenye mitumbwi hata kama tajiri mwenyewe anadaiwa injini, wakasikiliza, wakacheka, kisha mmoja akasema mama yake yumo kwenye ile orodha. Wakakubaliana: kila mtumbwi, sado moja ya dagaa, yaani kindoo kimoja cha kupimia, kwa wiki, wakati wa giza.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo niliyoyapuuza. Kwa asiyeishi ziwani: dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mwanga ndio unaowavuta, kwa hiyo giza likiwepo kuna kazi, na mwezi ukishakuwa mpevu taa haina maana, mitumbwi inavutwa ufukweni, watu wanashona nyavu. Mimi nilipanga matumizi kwa kalenda ya ukutani, tarehe moja hadi thelathini. Mwezi wa kwanza tulipata sado nyingi, nikauza zote papo hapo, nikalipa nauli, nikafurahi. Ikaingia mbalamwezi. Sanduku likakauka, na kliniki ni Jumanne ileile, presha haijui kuna mwezi angani.

Mama mchuuzi akanionea huruma. Akanieleza mambo ambayo watoto wa mwaloni wanayajua: wakati wa giza kila mtu anauza, bei inalala, wakati wa mbalamwezi dagaa hawapo, bei inaamka. Basi uza nusu, nusu kausha uweke stoo, utoe mbalamwezi. Tangu hapo lile jengo letu la bluu likapata kazi. Ni stoo ya dagaa. Mlangoni bado pameandikwa NYUMBA YA WAZEE, na kusema kweli ndiyo kwanza sasa linawatunza. Harufu yake sasa, hiyo ni habari nyingine.

Masika ya mwaka wa pili tulipoteza magunia manne. Tulikuwa tunaanika chini, kwenye mchanga, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, dagaa wakaoza, tukawauza kama chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Vichanja tulikuja kuvipata baadaye, nitafika huko.

Kosa langu kubwa nililifanya 2017. Sanduku lilikuwa kwangu, ufunguo kwangu. Kulikuwa na msiba kwa jirani, mchango umepelea, gari la kuleta mwili kutoka Geita linadai. Nani angenikatalia? Nikatoa 86,000 nikijua zitarudi baada ya matanga. Sikumwambia mtu. Siku ya nne baada ya maziko nesi wetu akanipigia simu: hospitali ya mjini kuna daktari wa macho, anatoa mtoto wa jicho kwa siku tatu tu, mzee wetu fulani amepata nafasi, aondoke kesho na mjukuu. Nauli ya watu wawili, chakula, na pa kulala usiku mmoja. Nikafungua sanduku, nikakuta shilingi 9,500 na vipande vya karatasi vya kumbukumbu zangu mwenyewe.

Nilikwenda nyumbani kwa yule mzee jioni ile kwa miguu. Alikuwa amekaa nje na redio yake kwenye goti, shati la safari limeshafuliwa, limening'inizwa kwenye msumari. Nikamweleza, sikuficha. Alikaa kimya muda, akazungusha kile kitufe cha redio kutafuta stesheni, akasema, "Basi nitaendelea kusikiliza." Ni hilo tu. Alisubiri miezi saba mpaka nafasi nyingine ikatokea. Zile 86,000 zilirudi, ndiyo, kwa mafungu ya elfu tano tano.

Nikaitisha kikao nikajisema mwenyewe kabla hawajanisema. Tukafanya kama wanavyofanya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa vitongoji vitatu, na linafunguliwa mbele ya watu. Fedha ya nauli haikopeshwi, hata kwa msiba, hata kwa mhazini. Wengine waliniona nimekuwa mkali ghafla.

Sasa nije kwenye zahanati. Baada ya kumaliza ugomvi wa nauli tulidhani tumemaliza. Mzee anafika, dirishani pameandikwa wazee watangulie, anapishwa, anapimwa, kila kitu sawa. Kisha anaambiwa dawa hakuna, akanunue. Anarudi na karatasi. Sisi tukaanza kunung'unika kwamba dawa zinaibwa. Nesi wetu, ambaye ameishi upande wa pili wa dirisha lile miaka thelathini, akasema tusitukane watu bila kuona vitabu, akatupeleka kwa mganga mfawidhi. Yule bwana alitufungulia daftari. Dawa zinaagizwa Bohari ya Dawa kwa fedha za serikali na zile ambazo kituo kinakusanya: wanaolipa papo kwa papo, na bima. Mzee wa msamaha, yaani wa matibabu ya bure, anachukua dawa ya mwezi mzima, kila mwezi, na hakuna anayemlipia. Watoto chini ya miaka mitano hali ni hiyo hiyo, wajawazito vilevile. "Mimi siwachukii wazee," alisema, "lakini kila nikiwahudumia vizuri, oda yangu inayofuata inakuwa ndogo." Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba msamaha hauifuti gharama. Unaihamisha tu, na pale kwetu ilikuwa imehamia kwenye kabati la dawa.

Ndipo tukaanza kuwalipia CHF iliyoboreshwa, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu hadi sita. Viongozi wawili wa kata walituona wajinga: wazee wana msamaha kisheria, mnalipia nini? Tukawajibu kwa daftari la mganga. Bibi mwenye kadi anaingia na wajukuu wake wanne ambao wote wanaugua malaria, na kichocho pia kwa kuoga ziwani kutwa. Mwaka wa kwanza tuliweza kaya 11, 330,000, karibu zote kutoka kwenye dagaa wa mbalamwezi. Kadi haikumaliza tatizo la dawa, nisije nikawadanganya, na malipo ya vituo yalikuwa yanachelewa. Lakini maongezi ya dirishani yalibadilika. Sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na kwenye vikao vyetu swali ni lile lile la mganga mfawidhi: wa msamaha atalipiwa na nani, na fedha itafika kituoni lini?

Halmashauri ilitufundisha kwa njia ya kutunyima. Mwaka wa kwanza tulipeleka kwenye mkutano wa kijiji ombi la "kuboresha ustawi wa wazee", milioni 12. Likapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, likafika wilayani, likakutana na ukomo wa bajeti, likafa. Hatukuambiwa hata limezikwa wapi. Mwaka wa pili tulichelewa. Tulikuwa tunadhani bajeti hupangwa Juni kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai, kumbe mwaka mpya wa Januari ukiingia mambo yameshachemka, lazima uwe umeongea tangu mavuno ya mpunga yamepoa. Mwaka wa tatu tulisaidiwa na afisa ustawi wa jamii, binti mdogo aliyekuwa anahudumia kata kadhaa peke yake na pikipiki isiyo na mafuta. Alitucheka na andiko letu. "Mwalimu, milioni 12 za ustawi, mtu anazikata huku anakunywa chai. Ombeni lita."

Tukaomba lita. Petroli lita 20 kwa mwezi, ili nesi wa zahanati afanye kliniki ya mkoba kwenye vitongoji viwili vya mbali. Ikapita. Kuna robo za mwaka ambazo mafuta yalitoka na robo ambazo hayakutoka, na tukijua hayatoki tunajazia kutoka kwenye sanduku. Wale wa kilomita sita sasa wanatembea kilomita moja.

Kuna jambo linaloniudhi na sitalificha. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri inatengwa kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Karani wetu aliposomewa hesabu hiyo alijumlisha kwa vidole, nne na nne na mbili, akauliza, "Sisi tumo kwenye ipi?" Mabibi walikuwa wajanja kuliko sisi. Sita kati yao waliingia kwenye kikundi cha wanawake wa mwaloni, mama mchuuzi akiwa mwenyekiti, wakaomba mkopo wa vichanja vya kukaushia dagaa. Ombi la kwanza lilikataliwa, la pili likapita. Walipotaka kuongeza, mwaka 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa nchi nzima ili kupangwa upya, ikarudi 2024, na katikati hapo walikodisha vichanja kwa wachuuzi wengine wakaishi. Wanaume wazee hawana mlango wa namna hiyo. Mzee mmoja alisikia redioni kwamba Zanzibar tangu 2016 wazee wa miaka 70 wanapewa pensheni ya kila mwezi hata kama hawakuajiriwa, ilianza na shilingi 20,000. Akaniuliza kwa uzito kabisa kama mtu anaweza kuhamia Unguja na mbuzi wake.

Jambo moja nalisema kwa sauti ya chini. Usukumani tunajua yaliyowapata vikongwe waliodhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo yanatokana na moshi. Kuni hakuna, mtu anapika kwa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha miaka hamsini. Bibi mmoja aliyeishi peke yake tulikuwa tunampelekea sabuni, mchele na sukari. Kijana wa bodaboda alikwenda wiki tatu mfululizo, mchana kweupe, kwa nia njema. Wiki ya nne mama mchuuzi akaja kwangu usiku: watu wameanza kuuliza yule bibi vitu anavipata wapi, anapewa na nani, kwa nini yeye tu. Nilipata baridi. Kesho yake tulikwenda kwa kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, na kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaitisha watu, tukasoma orodha yote hadharani pamoja na kila tulichompa kila mmoja. Tangu hapo hatumpelekei mzee kitu peke yake. Majirani wanaitwa, watoto wa jirani wanapata uji, na kamanda mwenyewe ndiye anayebeba mfuko. Jiko lake tulilihamishia nje chini ya kibanda. Yupo mpaka leo, ananitania kwamba nimenenepa.

Habari za simu nitazipita haraka. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokuja mwaka 2019, vidole vya wazee waliolima na kuvuta nyavu maisha yao yote vilikuwa havisomeki kwenye mashine. Laini zikasajiliwa kwa majina ya wajukuu, na fedha zilizotumwa na watoto zikaanza kuishia kwa wajukuu. Tulimaliza kesi tano. Ya sita bado.

Na wale watoto saba wa Jumanne? Nilidhani bodaboda itawarudisha darasani mara moja. Haikuwa hivyo. Mabibi waliikataa. Mtu mwenye miaka 78 na kanga mbili hawezi kutanua miguu akapanda nyuma ya kijana, ni aibu, na akikaa upande anaogopa kudondoka. Mwishowe nesi ndiye aliyekuwa anapanda nyuma, bibi katikati ameshikwa kama gunia la mpunga, mshikaki. Najua ni kosa barabarani. Kwetu barabara yenyewe haijafika. Yule binti wa mwandiko mzuri alirudi Jumanne baada ya miezi miwili hivi. Mwalimu aliyepokea darasa langu aliniletea daftari nione.

Mimi mwenyewe nimeshavuka 60, kadi ya wazee ninayo, na uhazini wamekataa kunivua. Giza linaanza Alhamisi hii. Mitumbwi kumi na moja imeahidi, ingawa tajiri mmoja nimeanza kumtilia shaka, maana sado yake kila mara haijai. Stoo ina magunia mawili. Kuna wazee watatu wa jicho wa kupelekwa mjini kabla ya mwisho wa mwezi, na mmoja wao ni karani wetu mwenyewe, ambaye ameshasema mshikaki hapandi, anataka nimtafutie basi na kiti cha mbele, dirishani, ili wakati wa kurudi aone njia yote.